Sweta jeusi lililogeuka damu ya mzee: kioo kidogo ndani ya kamera kinavyobadili rangi

Mama mmoja mwenye duka karibu na stendi ya Same alitupigia simu baada ya kipindi cha asubuhi. Mchana wa siku iliyotangulia mtu aliingia dukani kwake, akachukua simu mbili zilizokuwa zinachajiwa kwenye kaunta, akatoka. Kamera iliyofungwa juu ya mlango ilimnasa vizuri, ila alikuwa amevaa kofia na uso haukuonekana. Kilichoonekana ni sweta lake, na sweta hilo lilikuwa la rangi ya damu ya mzee. Sasa mtaani hapo kuna kijana wa bodaboda ambaye kila mtu anamjua kwa sweta la damu ya mzee, kwa sababu ndilo alilomalizia nalo shule.

Hadi mama anatupigia, watu walikuwa wameshaanza kumuulizia huyo kijana kijiwe hadi kijiwe. Sote tunajua mambo ya namna hiyo yanavyoweza kuishia. Lakini mama mwenyewe alikuwa na jambo linalomsumbua. Kwenye picha hiyohiyo, mwarobaini ulio mbele ya duka ulikuwa wa pinki.

"Kama mti wangu umekuwa pinki," alituuliza, "hilo sweta nitaliaminije?"

Hatukuwa na jibu. Tukamtafuta fundi wa kamera, tukaenda naye dukani. Baada ya salamu fundi hakugusa kamera kwanza. Aliuliza swali.

"Mama, una nguo yoyote nyeusi hapo ndani?"

"Ninalo sweta, mwanangu, la kuvaa nikipanda Suji."

Fundi akachukua lile sweta jeusi, akasimama nalo nje mbele ya kamera, juani. Sisi tuliokuwa ndani tukitazama skrini tuliona sweta la damu ya mzee. Kofia yake fundi, ambayo nayo ni nyeusi, ilibaki nyeusi. Mwarobaini nyuma yake ulikuwa pinki kama jana.

Picha ile haikumsafisha yule kijana, wala haikumtia hatiani. Ilionyesha tu kwamba mwizi angeweza kuwa amevaa damu ya mzee au nyeusi, na kamera isingeweza kututofautishia. Mashahidi pekee aliyekuwepo alikuwa rangi, na rangi ilikuwa inasema uongo bila yenyewe kujua. Makala hii inaeleza kwa nini, kwa sababu kamera za namna hii sasa ziko kwenye maduka, maghala, shule na hata mabomani, na picha zake zinatumwa kwenye simu zetu kila siku.

Mwanga ambao jicho halioni

Tuanze na upinde wa mvua, ule tunaouona ukishuka upande wa Shengena mvua inapoanza kukatika. Upande mmoja una nyekundu, upande mwingine una zambarau. Macho yetu yanaishia hapo, lakini mwanga wa jua hauishii hapo.

Mwaka 1800, huko Uingereza, mtaalamu wa nyota William Herschel alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembetatu ukagawanyika katika rangi zake. Akaweka vipimajoto kwenye kila rangi ili ajue ipi ina joto zaidi. Kimoja alikiweka nje kidogo ya nyekundu, mahali ambapo jicho linaona giza tu. Kipimajoto hicho kikapanda. Kulikuwa na mwanga pale, ila binadamu hana jicho la kuuona. Leo mwanga huo unaitwa infraredi, maana yake mwanga ulio chini ya nyekundu.

Wataalamu wanapima mwanga kwa urefu wa mawimbi yake, na kipimo chao ni nanomita. Chukua milimita moja kwenye rula ya mwanafunzi, igawe mara milioni moja, kila kipande ni nanomita moja. Jicho la mtu linaona kuanzia kama nanomita 400, ambayo ni zambarau, hadi kama 700, ambayo ni nyekundu iliyokolea. Ukipita 700 umeingia kwenye infraredi.

Ndani ya kamera ya kidijitali, iwe ya simu, ya studio au ya ulinzi, kuna kibao kidogo kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Mafundi wanakiita sensa. Si sensa ile ya watu na makazi ya 2022, lakini ukitaka unaweza kuifananisha nayo, kwa sababu kazi yake ni kuhesabu: kila nukta ya kibao hicho inahesabu mwanga ulioiangukia. Sensa hutengenezwa kwa silikoni, na silikoni inahesabu mwanga hadi kufikia kama nanomita 1,100. Kwa maneno mengine, kamera ina uwezo wa kuona mwanga ambao wewe huuoni.

Hapo ndipo shida inapoanza. Kamera ikiachwa ihesabu kila kitu, picha yake haitafanana na unachokiona kwa macho yako. Kwa hiyo watengenezaji huweka mbele ya sensa kioo chembamba ambacho kinapitisha rangi tunazoziona na kuizuia infraredi. Hicho ndicho kichujio, au filta kama wanavyosema mafundi. Ukikishika mkononi mara nyingi kina rangi ya samawati hafifu, au kinang'aa wekundu ukikiinamisha. Ni kidogo, kwenye simu hakifiki ukubwa wa ukucha wa mtoto. Lakini ndicho kinachofanya mti wa kijani utoke kijani kwenye picha.

Jaribu na rimoti yako

Huna haja ya kutuamini tu. Chukua rimoti ya king'amuzi au ya televisheni. Taa yake ya mbele hutuma infraredi, kwa kawaida karibu na nanomita 940, ndiyo maana ukibonyeza huoni kitu. Sasa fungua kamera ya simu yako, elekeza taa ya rimoti kwenye kamera, bonyeza kitufe chochote huku ukitazama skrini.

Kwenye simu nyingi utaona taa ikimetameta kwa rangi ya zambarau au nyeupe. Jaribu kamera ya mbele, ile ya kujipiga selfi, halafu ya nyuma. Mara nyingi ya mbele inaonyesha zaidi, kwa sababu kichujio chake huwa hafifu. Ya nyuma ikikaa kimya kabisa, maana yake ina kichujio kizuri. Simu zote mbili zinazotofautiana hapo hazina ubovu, zimechujwa tofauti tu.

Zaidi ya kukufundisha, jaribio hili lina faida. Rimoti ikigoma, utajua mara moja kama imekufa au tatizo liko kwenye king'amuzi, kabla hujatumia nauli kwenda kwa fundi.

Kwa nini mti ukawa pinki

Sensa yenyewe haijui rangi, inajua mwanga mwingi na mwanga mdogo tu. Ili ipate rangi, juu ya kila nukta hupakwa tabaka dogo la rangi: nyingine nyekundu, nyingine kijani, nyingine bluu. Mpangilio unaotumika zaidi, ambao nukta za kijani ni mara mbili ya nyekundu au bluu, ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976. Kamera inalinganisha hesabu za nukta hizo na kupata rangi ya kila sehemu ya picha.

Tabaka hizo zinafanya kazi vizuri kwa mwanga tunaouona. Kwa infraredi zinavuja. Baada tu ya nanomita 700, ile nyekundu inavuja zaidi kuliko wenzake, kwa hiyo infraredi ikiingia kamera inadhani ni nyekundu. Ukienda mbali zaidi, karibu na 850, zote tatu zinavuja karibu sawa, na hapo kamera haina tena cha kulinganisha.

Sasa tazama jani. Jani zima linameza nyekundu na bluu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, na linarudisha kijani kiasi, ndiyo maana lugha yetu ikaiita rangi hiyo kwa jina la majani. Lakini infraredi jani halina kazi nayo. Seli zake zilizojaa maji na hewa zinairudisha nje, karibu nusu yake yote. Kamera isiyo na kichujio inapata kijani kidogo pamoja na infraredi nyingi inayojifanya nyekundu. Changanya hivyo viwili upate mwarobaini wa pinki.

Na sweta jeusi je? Kitu ni cheusi kwa macho yetu kwa sababu kinameza rangi zote tunazoziona. Hilo halisemi chochote kuhusu infraredi. Dawa nyingi za kutia rangi vitambaa, hasa vya nyuzi za kiwandani, zinameza mwanga wote wa kawaida na kuiachia infraredi irudi. Kwa kamera ya mama yetu, sweta kama hilo linarudisha "nyekundu" kidogo, na nyekundu kidogo juu ya weusi ndiyo damu ya mzee. Kofia ya fundi ilitiwa dawa ya aina nyingine inayomeza hadi infraredi, ikabaki nyeusi. Nguo mbili nyeusi, duka moja, saa moja, na kamera ikatoa rangi mbili.

Kamera inayobadilisha kioo kila jioni

Lakini kwa nini kamera ya ulinzi ikose kichujio mchana? Kwa sababu kamera hizi zimetengenezwa ziwe na kazi mbili.

Mchana kichujio kinakaa mbele ya sensa, picha inatoka na rangi zake. Jua likizama, kamera inakisogeza kichujio pembeni kwa sumaku au mota ndogo, halafu inawasha taa zake za infraredi, kwa kawaida za nanomita 850 au 940. Ukisimama karibu nayo jioni tulivu utasikia mlio mdogo: ta! Huo ni mlio wa kichujio kikihama. Kamera za 850 utaziona zina wekundu hafifu kwenye taa zake. Za 940 hazionyeshi kitu. Alfajiri kichujio kinarudi: ta!

Siku kikikwama pembeni, kwa vumbi, joto, mota kuchoka au umeme kuyumba, kamera inaingia mchana bila kichujio. Hilo ndilo lililotokea dukani kwa mama. Fundi alizima kamera na kuiwasha, hakuna kitu. Akaingia kwenye mipangilio na kuilazimisha iende hali ya usiku halafu irudi hali ya mchana, mara tatu. Mara ya tatu ikalia ta, na mwarobaini ukarudi kijani mbele ya macho yetu. Alituonya kwamba kikikwama mara moja kitakwama tena, na kwamba dawa ya kweli ni kubadilisha kifaa hicho cha kichujio au kamera nzima.

Wewe nyumbani unaweza kuipima kamera yako bila kuifungua. Mchana, ifunike kwa mkono au kitambaa kizito ili iingie giza, subiri kidogo. Inapaswa kulia na picha kuwa nyeusi na nyeupe. Ifunue, isubiri tena. Inapaswa kulia na rangi kurudi. Rangi zikirudi na majani yakiwa pinki, usitumie picha yake kumtambua mtu kwa nguo.

Usiku tahadhari ni kubwa zaidi. Kwa kuwa infraredi ya taa zile inavuja sawa kwenye nukta zote, rangi haipo kabisa, na kamera huonyesha nyeusi na nyeupe kwa makusudi. Weusi na weupe huo nao ni wa infraredi, si wa macho yako. Sweta jeusi la mama, usiku, linaweza kuonekana la kijivu cheupe. Mtu akikuambia "mwizi alivaa shati jeupe, tumemuona kwenye kamera ya usiku", muulize kama wamejaribu kuweka shati jeusi mbele ya kamera hiyohiyo.

Wanyama wanaopigwa picha wenyewe

Teknolojia hiyohiyo iko porini. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambayo lango lake la Zange liko jirani na mji wa Same, ilikuwa pori la akiba tangu 1951 kabla ya kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, na ndiko walikoletwa faru weusi kutoka Afrika Kusini kuanzia 1997. Wanyama kama hao, na wengine wanaotembea usiku, ni vigumu kuwahesabu kwa macho. Ndiyo maana watafiti wa wanyamapori duniani wanatumia kamera za mitego, zinazofungwa kwenye mti au nguzo na kuamka zenyewe mnyama anapopita. Hapa kwetu mfano mkubwa ni Serengeti, ambako kuanzia 2010 watafiti walitandaza kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125.

Hapa tutenganishe mambo mawili ambayo wasikilizaji wengi wanayachanganya. Kinachoiamsha kamera ya mtego ni joto la mwili wa mnyama linalopita mbele yake, na joto hilo nalo ni infraredi, lakini ya mawimbi marefu sana, kama nanomita 10,000. Sensa ya picha haioni kabisa mawimbi hayo, yanapokelewa na kifaa kingine kidogo kilicho pembeni. Kwa hiyo kamera iliyoondolewa kichujio haioni joto. Haiwezi kukuambia nani ana homa.

Kwa wafugaji wa tambarare ni hivi. Ukionyeshwa picha ya usiku ya mnyama aliyevamia zizi, usimtambue kwa rangi ya manyoya. Tazama umbo: mgongo unaoteremka wa fisi, masikio ya duara ya mbwa mwitu, mkia mrefu wa chui. Umbo halidanganywi na kichujio.

Wanaobadilisha kioo kwa makusudi

Kuna watu wanaofungua kamera nzima na nzuri, wakatoa kichujio chake na kuweka kioo kingine. Wanafanya hivyo kwa sababu wanataka ule mwanga uliozuiwa, na rangi wanazopata zinategemea kioo walichoweka.

Wa kwanza huweka kioo cheupe kinachopitisha kila kitu. Kamera yao inakuwa kama ile ya mama: majani ya pinki, vitambaa vyeusi vyenye wekundu, kuta nyeupe zenye uwaridi. Wanaweza kuifundisha kamera upya nini ni cheupe, kwa kuipiga picha karatasi nyeupe au majani juani, na rangi zikakaribia kawaida. Hazirudi zote. Kamera haiwezi tena kujua ipi ni nyekundu ya kweli na ipi ni infraredi iliyojificha humo.

Wa pili huweka kioo ambacho kwa macho ni cheusi kama cha miwani ya kuchomelea, kinachoanza kupitisha mwanga kwenye nanomita 720 hivi. Hapo picha inakuwa ya infraredi karibu yote: majani yanakuwa meupe kama yamemwagiwa unga, na anga la bluu linakuwa jeusi. Picha za namna hiyo si jambo la jana. Mmarekani Robert Wood alizichapisha mwaka 1910, enzi za filamu.

Wa tatu ni wapiga picha wa nyota. Mawingu makubwa ya gesi ya haidrojeni huko angani yanatoa mwanga mwekundu wa nanomita 656. Mwanga huo uko ndani ya uwezo wa jicho, lakini kichujio cha kawaida huanza kukata mapema na kuumeza sehemu kubwa. Hawa huweka kioo kinachoachia hadi baada ya 656 na kuzuia infraredi inayofuata. Kampuni ya Canon ilitoa kamera ya namna hiyo tayari kutoka kiwandani mwaka 2005, modeli ya 20Da, na Nikon ikafuata mwaka 2015 na D810A. Usiku usio na mwezi huku milimani, ambako taa za mji hazifiki, Kilimia unaiona kwa macho bila msaada. Yale mawingu mekundu ya gesi yamejaa anga hilohilo, nayo yanahitaji kioo sahihi.

Shamba linavyoonekana kwa mwanga huo

Tulisema jani zima linarudisha karibu nusu ya infraredi na kumeza nyekundu. Jani likichoka, kwa kiu, ugonjwa au uzee, linaanza kurudisha nyekundu zaidi na infraredi kidogo. Wataalamu wamegeuza tofauti hiyo kuwa hesabu inayoitwa NDVI: chukua infraredi, toa nyekundu, kisha gawanya kwa jumla ya hizo mbili.

Tuchukue mfano. Shamba la mahindi lililostawi linarudisha infraredi 50 na nyekundu 8 katika kila 100. Hamsini toa nane ni 42. Hamsini jumlisha nane ni 58. 42 gawanya kwa 58 ni kama 0.72. Udongo mtupu unaorudisha infraredi 30 na nyekundu 25 unapata 5 gawanya kwa 55, kama 0.09. Namba ikikaribia moja, mimea ni mingi na hai. Ikishuka kuelekea sifuri, kuna tatizo au hakuna mimea.

Hesabu hii inafanywa kwa satelaiti tangu ya kwanza ya mfululizo wa Landsat iliporushwa mwaka 1972. Mtandao wa kutoa tahadhari ya njaa ujulikanao kama FEWS NET, ulioanzishwa mwaka 1985, unaitumia kufuatilia ukame Afrika, yakiwemo maeneo makavu kama tambarare zetu zilizo kwenye kivuli cha mvua. Droni za kilimo nazo zinaitumia, nyingine zikiwa na kamera za kawaida zilizobadilishwa kichujio.

Kwa mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba au wa mpunga wa Ndungu, jambo la kukumbuka ni moja. Picha hiyo inaonyesha mahali penye shida. Haisemi shida ni nini. Tangawizi yenye kiu na tangawizi yenye ugonjwa wa mizizi zinaweza kupata namba ileile. Mtu akija na droni na ramani ya rangi za kupendeza, kabla ya kumlipa muulize kamera yake ina kichujio gani, aliipimaje siku hiyo, na nani atashuka shambani kung'oa mche na kuutazama.

Kwa simu yako ya kawaida hesabu hii haiwezekani, kwa sababu kichujio kimeshaizuia infraredi. Ila unaweza kuisaidia picha yako kusema kweli. Ukimpigia bwana shamba picha ya jani lenye madoa, liweke juu ya karatasi nyeupe ya daftari, kivulini, na karatasi ionekane. Akiona karatasi imekuwa ya njano, atajua ni kiasi gani cha unjano wa jani ni cha jani lenyewe.

Usifungue, na usitapeliwe

Baada ya kusoma haya wengine watataka kujaribu. Kamera ndogo za kidijitali zenye taa ya mmweko zina kapasita inayohifadhi umeme wa kama volti 300, hata betri ikiwa imetolewa. Umeme huo unaweza kukuumiza vibaya. Aidha, ukiondoa kichujio bila kuweka kioo cha unene unaofaa, picha itakosa ukali, kwa sababu lenzi ilipimwa pamoja na kioo hicho. Kwenye simu, kichujio kimegandishwa ndani ya lenzi. Fundi akikuahidi kukibadilisha, weka simu yako mfukoni.

Na kuna programu zinazotangazwa kwamba zitaifanya simu ione ndani ya nguo. Tunaulizwa sana kuhusu hizo. Chanzo cha hadithi hiyo ni cha kweli: mwaka 1998 Sony ilibadilisha kamera zake za video zenye hali ya usiku, baada ya kugundulika kwamba zikitumika mchana pamoja na kichujio fulani zinaweza kupenya baadhi ya nguo nyepesi. Lakini lile lilikuwa suala la kioo na sensa. Programu haiwezi kuleta mwanga ambao kioo kimeshauzuia. Ukiipakua, kitakachoonekana ndani ni namba zako na pesa zako.

Kuhusu kijana wa bodaboda

Mama alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa, akiwa na sweta lake jeusi mkononi na picha mbili kwenye simu: ya mwizi na ya sweta. Mwenyekiti aliwaita vijana wa kijiweni, akawaonyesha zote mbili, halafu akawaonyesha sweta lenyewe. Shauri likapelekwa polisi pamoja na maelezo ya fundi. Abiria aliyepelekwa Mwembe mchana ule naye alijitokeza kusema aliyempeleka ni nani.

Simu mbili hazijapatikana hadi tunaandika makala hii. Yule kijana bado yuko kijiweni kwake. Sweta hajalivaa tena, ingawa asubuhi za Same za mwezi wa saba zina baridi. Tulipomuuliza, alicheka kidogo, akasema anasubiri watu wasahau.

Kwa hiyo, msikilizaji, picha ya kamera ikitumwa kwenye kundi lenu la simu na mtu akasema "ni yule wa sweta fulani", tazama kwanza majani nyuma yake. Yakiwa ya kijani, endelea kuuliza maswali mengine. Yakiwa ya pinki, waambie wenzako wasimame hapo hapo.